Lulu ya Bahari, Lulu ya Shamba, Lulu ya Kiwanda

Aprili 1996, jijini New York, kampuni ya Sotheby's ilipiga mnada vitu vya nyumbani vya marehemu Jacqueline Kennedy Onassis, mjane wa Rais John F. Kennedy. Kati ya vitu hivyo ulikuwamo mkufu wa nyuzi tatu za lulu, ule ambao mwanawe mdogo anaonekana akiuvuta shingoni mwa mama yake katika picha iliyozunguka dunia nzima. Wapiga mnada waliukadiria dola 500 hadi 700, na hawakuficha sababu: lulu zile zilikuwa bandia. Wanunuzi hawakujali. Uliuzwa dola 211,500.

Mji huohuo, mwaka 1917, familia ya masonara ya Cartier ya Paris ilijipatia jumba la kifahari kwenye mtaa wa Fifth Avenue kwa malipo ya ajabu. Walimpa mwenye nyumba, tajiri Morton Plant, dola 100 taslimu na mkufu wa nyuzi mbili za lulu asili uliothaminiwa dola milioni moja. Mkewe alikuwa ameupenda. Jumba lile mpaka leo ni duka la Cartier. Mkufu wenyewe ulipouzwa mnadani mwaka 1957, ulileta dola 151,000.

Ni kweli kwamba dola ya 1957 ilikuwa na nguvu kuliko ya 1996, kwa hiyo tusifanye hesabu za kitoto hapa. Hata hivyo tunayo mikufu miwili, mmoja wa kweli ulioporomoka na mwingine wa bandia uliopaa, na yeyote anayedhani bei itamwambia lulu ipi ni halali ana kazi ya kuwaza upya.

Huku kwetu lulu za bandia zimetuzunguka kiasi kwamba hatuzioni tena. Pita maduka ya urembo ya Kariakoo msimu wa harusi ukipamba moto. Zimeshonwa kwenye magauni ya bibi harusi, zimebandikwa kwenye pini za mitandio, kwenye pochi, kwenye vibanio vya nywele, kwenye viatu vya watoto wa kushika maua, na kwenye mapambo ya kichen pati kuanzia mlangoni hadi kwenye keki. Zinauzwa kwa pakiti, na hakuna anayedanganywa. Muuzaji anajua ni plastiki, mnunuzi anajua ni plastiki, na bibi harusi anapendeza. Mimi sina ugomvi nazo hata kidogo. Ugomvi huanza pale zinapohamia kwenye kasha la mahameli, zikawekewa taa juu na bei ikaongezewa sifuri mbili.

Hapo ndipo mteja huuliza, "Hii ni lulu ya kweli?" Swali linaonekana moja, lakini yamo mawili. La kwanza ni kama kitu hicho kilitengenezwa na chaza au na kiwanda. La pili ni kama chaza huyo aliitengeneza kwa bahati yake mwenyewe huko baharini, au kuna binadamu aliyemfungua na kumtia kitu ndani ili aitengeneze, yaani ni lulu ya kufugwa. Swali la kwanza unaweza kulijibu mwenyewe ukiwa nyumbani kwako. La pili kwa kawaida huliwezi, wala sonara aliyezeekea kwenye kazi haliwezi kwa macho matupu. Muuzaji mjanja hupita katikati ya maswali hayo mawili: unamuuliza la pili, anakujibu la kwanza, na anakuwa hajasema uongo.

Tuanze na chaza. Wengi tumefundishwa kwamba chembe ya mchanga ikimwingia, inamuwasha, naye anaizungushia lulu. Hadithi hiyo ni tamu, lakini chaza anaishi kwenye maji yenye mchanga maisha yake yote na anajua kuutema. Mara nyingi chanzo ni kimelea, au jeraha kwenye ule utando laini unaolala ndani ya kombe lake. Kazi ya utando huo ni kujenga kombe. Chembehai zake zikisukumwa ndani ya nyama, haziachi kazi. Zinaendelea kutandika madini ya kalsiamu kaboneti, jamii moja na chokaa, yakishikamanishwa na protini. Yanatandikwa katika vijibamba vyembamba mno, kila kimoja kikiwa na unene wa karibu nusu ya mikromita, hivyo vinahitajika kama 2,000 kutimiza milimita moja. Mwanga ukiangukia juu yake haurudi kutoka usoni tu. Sehemu inarudi kutoka tabaka la juu, sehemu kutoka la chini yake, na la chini yake tena, na ndiyo maana lulu nzuri huonekana kama ina taa ndani. Na kwa kuwa kingo za vijibamba hivyo hazijapangika sawasawa, uso wa lulu una mparuzo mdogo ambao vidole havijui kuuhisi.

Kiwanda kinaifuata sura hiyo kutoka upande wa nje. Katika karne ya 17, mtengeneza tasbihi wa Paris aliyeitwa Jaquin aligundua kwamba magamba ya samaki mdogo wa mtoni yakisuguliwa majini hutoa ute wenye mng'ao wa fedha. Akaupaka ndani ya vipira vya kioo chembamba, akavijaza nta, na mabibi wa Ufaransa wakapata lulu bila kumsumbua chaza yeyote. Baadaye watengenezaji waliona ni heri kupaka nje ya ushanga mzito wa kioo. Kisiwa cha Mallorca nchini Hispania kimejipatia jina kwa kazi hiyo tangu mwaka 1890: ushanga wa kioo unachovywa, unakaushwa, unasuguliwa, unachovywa tena, mpaka rangi ikolee. Hizo ni bandia zenye heshima yake, zinauzwa kwa jina lake na zinadumu. Chini yake kuna plastiki iliyopuliziwa rangi. Halafu kuna aina moja ninayoichukia waziwazi, nayo ni ushanga uliochongwa kwenye kombe au kufinyangwa kwa unga wa makombe, kisha ukapakwa rangi ya lulu. Muuzaji wake atakuapia kwamba "imetokana na kombe halisi la baharini." Hakukosea neno hata moja, na amekudanganya.

Kipimo cha kwanza ni jino, na kina umri mrefu kuliko maabara zote. Suuza lulu, ikaushe, kisha ipitishe taratibu kwenye makali ya jino la mbele. Usiing'ate, hujaja kula. Lulu iliyotengenezwa na chaza huparuza kidogo, kwa ule mparuzo wa vijibamba niliousema. Bandia iliyopakwa rangi huteleza. Kinachofanya kazi ni kwamba jino ni gumu na lina hisia kali kuliko ncha ya kidole. Mwenye meno ya bandia atafute msaidizi, maana bandia haitoi ushahidi juu ya bandia mwenzake.

Jino lina mipaka yake. Lulu iliyosuguliwa sana baada ya kuvunwa huweza kuteleza kuliko inavyotarajiwa, na kuna bandia zilizopewa uso wenye chengachenga makusudi kwa sababu watengenezaji nao wanajua habari za jino. Zaidi ya hapo, si kila duka litakuruhusu kutia mali yake mdomoni, na wewe nawe hujui waliotangulia. Kwa hiyo wengi hupendelea kusugua lulu mbili pamoja, kwa wepesi. Za chaza hukwaruzana kidogo na kuacha vumbi laini jeupe ambalo ukilifuta kwa kidole uso unabaki mzima. Za kupakwa huteleza, au hubanduka rangi. Kama ni mkufu, chagua zile za nyuma karibu na kifungo, ambazo hakuna atakayeziangalia.

Kipimo ninachokiamini kuliko jino ni tundu. Kila lulu iliyotungwa kwenye uzi imetobolewa, na tundu ni mahali ambapo kitu kinaonyesha kilivyo ndani. Tafuta lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, simama penye mwanga wa mchana, sogeza lulu kwenye uzi mpaka mdomo wa tundu uonekane. Kwenye bandia utaona rangi imejikusanya pembeni mwa tundu, imejikunja au imebanduka, na chini yake kunachungulia kioo kinachometa au plastiki iliyofifia. Kwenye lulu ya chaza mdomo wa tundu ni safi na mkavu, umekatwa kama kitu kilichochimbwa kwenye jiwe. Kwenye lulu ya kufugwa yenye kiini, ukibahatika na ukiwa na jicho, utaona hata mstari mwembamba mweusi ndani ya tundu, pale tabaka la lulu linapokutana na kiini kilichowekwa na binadamu. Tundu hilohilo hufichua rangi za kupikwa. Lulu iliyotiwa rangi nyeusi, ya waridi au ya buluu kwa dawa mara nyingi huwa na rangi nzito zaidi kwenye mdomo wa tundu na kwenye mipasuko kuliko kwingineko.

Baada ya tundu, geuza lenzi kwenye uso. Lulu ya chaza ina vidimbwi, mistari mizuri inayozunguka na madoa madogo. Ya kupakwa huonekana kama ganda la yai, yenye vinyweleo vilivyotawanyika sawasawa. Kisha weka mkufu wote juu ya kitambaa cheupe na uutazame kwa mbali. Chaza hawazai mapacha. Kama lulu 60 zinafanana kabisa kwa umbo, kwa rangi na kwa mng'ao, basi ama ni mkufu wa bei ya kununulia nyumba, kwa sababu kuna mtu aliyekaa miaka akizitafuta zinazolingana, ama ni plastiki. Kwa mfuko wa wengi wetu, ni plastiki.

Uzito na ubaridi husaidia kiasi. Lulu ina uzito wa karibu mara 2.7 ya maji, plastiki inakaribiana na maji tu, hivyo mkufu mwepesi mno unajitangaza wenyewe. Lulu ikigusa ngozi huwa baridi kwanza kisha hupata joto la mwili, na plastiki haina ubaridi huo. Kioo nacho ni kizito na ni baridi, kwa hiyo vipimo hivi viwili vinawakamata wezi wadogo tu. Na vile vifundo vidogo vya uzi kati ya lulu na lulu, ambavyo watu huvitaja kama ushahidi, si ushahidi wa chochote. Fundo ni kazi ya mkono, na mkono unaweza kufunga fundo kwenye plastiki.

Kuna vipimo ambavyo ningependa viachwe kabisa. Wapo wanaowasha kiberiti chini ya lulu mbele ya mteja ili aone haiungui. Rangi ya bandia kweli huungua, lakini lulu nayo hubadilika rangi na kupoteza mng'ao. Wengine hukwangua kwa kisu, na video za mitandaoni zimelipa jambo hilo heshima lisiyostahili: unga mweupe unadondoka, watazamaji wanashangilia, na lulu imepata jeraha. Cha ajabu kuliko vyote ni siki. Pliny wa Roma alisimulia jinsi Malkia Cleopatra wa Misri alivyotumbukiza lulu kubwa kwenye siki na kuinywa ili ashinde dau dhidi ya Antony, jemadari wa Roma. Kama ilitokea hivyo au la, kemia inaikubali nusu yake. Tindikali hula kalsiamu kaboneti, ingawa lulu nzima haiyeyuki kwa kasi ya hadithi. Kwa hiyo kipimo cha siki hukupa jibu sahihi huku kikila mali yako. Hiyo pia ndiyo sababu ya kujifukiza udi na kujipulizia marashi kwanza, ukauke, ndipo uvae lulu mwisho kabisa, na ukirudi kutoka shughulini uifute jasho kabla ya kuilaza.

Hapo swali la kwanza limekwisha. Jino, tundu na lenzi vimekwambia ni kazi ya chaza. Swali la pili lina historia ndefu zaidi, na sehemu ya historia hiyo inatuhusu.

Kwa maelfu ya miaka swali hilo halikuwapo, kwa sababu karibu kila lulu iliyokuwapo ilikuwa ya bahati. Chimbuko kubwa lilikuwa Ghuba. Kila msimu wa joto, kuanzia Juni hivi mpaka Septemba, majahazi ya Bahrain, Kuwait, Qatar na miji ambayo leo ni Falme za Kiarabu yalitweka tanga kwenda kwenye mbuga za chaza. Juu alikuwapo nahodha, cheo ambacho mpwani wa huku hahitaji kuelezwa. Mzamiaji alibana pua kwa kibano, akafunga jiwe mguuni, akatia kikapu shingoni na kushuka. Alikuwa na kama dakika moja ya kukusanya chaza kabla ya kutikisa kamba ili mwenzake wa juu amvute. Alirudia hivyo mara kadhaa wa kadhaa kwa siku, kwa miezi, mara nyingi akilipia deni alilokopeshwa na nahodha kabla ya msimu, deni ambalo lingeweza kumfuata mpaka kwa wanawe. Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi hiyo ilishikwa na wanaume zaidi ya 70,000.

Baadhi yao walitoka upande huu wa bahari, na si kwa kupenda. Biashara ya utumwa ya karne ya 19 ilichukua vijana kutoka Afrika Mashariki hadi Ghuba, na mwanahistoria Matthew Hopper ameonyesha kwa nyaraka kwamba mashamba ya tende na majahazi ya lulu ndiyo yaliyowameza wengi, wakati ule ambapo wanunuzi wa Ulaya na Marekani walikuwa wanataka lulu zaidi kila mwaka. Ukitazama picha za mabibi matajiri wa Paris na New York wa miaka ile, wakiwa na nyuzi za lulu mpaka kiunoni, kumbuka kwamba Jacques Cartier mwenyewe alisafiri hadi Ghuba mwaka 1912 kutafuta mali. Kwa wafanyabiashara wa Bahrain lulu zilipangwa kwa vichungio vya shaba vyenye matundu ya ukubwa tofauti, zikapimwa kwa mizani midogo na kufungwa kwenye kitambaa chekundu. Hakukuwa na mtu wa kuuliza kama ni za kweli. Mzamiaji alizitoa, kila mtu aliona.

Aliyelizua swali alikuwa mtoto wa muuza tambi. Kokichi Mikimoto, wa mji wa Toba nchini Japani, alihangaika miaka na chaza wake mpaka Julai 1893 alipofungua mmoja na kukuta lulu nusu duara imejishika kwenye kombe. Wajapani wengine, Nishikawa na Mise, walipata njia ya lulu ya duara kamili: chaza anafunguliwa kidogo, anatiwa ushanga uliochongwa kwenye kombe pamoja na kipande cha ule utando kutoka kwa chaza mwingine, kisha anarudishwa baharini. Utando unaendelea na kazi yake, unauzunguka ushanga na kuupaka lulu. Hata leo viini vingi vya lulu za bahari huchongwa kutoka makombe ya mito ya bonde la Mississippi.

Mwaka 1921 lulu za Mikimoto za duara zilifika soko la London, na biashara ikapata homa. Wenye maghala yaliyojaa lulu asili walipiga kelele kwamba hizo ni bandia. Wataalamu waliojisifu kwa macho yao walizishika, wakazipima, wakaziweka kwenye jino, na hawakuona tofauti. Wangeionaje? Uso ni uleule, kazi ya chaza yuleyule. Tofauti ilikuwa ndani, mahali jicho halifiki.

Ndipo London ikaanzisha maabara ya kupima vito mwaka 1925, hasa kwa ajili ya janga hilo, na Paris ikabuni chombo ninachokipenda kwa ujanja wake. Ni sindano yenye uwazi ndani, nyembamba kiasi cha kupenya kwenye tundu la lulu, yenye vioo viwili vidogo vya kuakisi vilivyoinamishwa. Mwanga unapitishwa kwenye sindano, unagonga kioo cha kwanza na kuingia kwenye mwili wa lulu. Kama lulu ni asili, tabaka zake zimezunguka kitovu kimoja kama kitunguu, hivyo mwanga unafuata mzunguko wa tabaka mpaka unaangukia kioo cha pili, na mpimaji anauona. Kama ndani kuna ushanga wa kombe, tabaka za kombe zimenyooka, mwanga unapita moja kwa moja na kupotelea nje. Mtu mwenye mkono mzuri aliweza kupima lulu nyingi kwa saa moja. Baadaye eksirei ilichukua nafasi yake, na leo mashine zinapiga picha za lulu ndani kwa pembe zote bila kuigusa. Lulu asili huonyesha miduara inayokwenda mpaka katikati, na ya kufugwa huonyesha mpira mzima ndani na ganda jembamba nje. Ganda hilo kwa lulu nyingi za Kijapani halifiki hata milimita moja.

Maabara ilipata jibu, lakini soko halikusubiri. Lulu za mashambani zilikuwa nyingi na rahisi, mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ukawamaliza wanunuzi wa kifahari, na majahazi ya Ghuba yakaegeshwa. Bahrain ilikuta mafuta mwaka 1932 na wazamiaji wengi wakaajiriwa visimani. Hata hivyo nchi hiyo haijasahau: mpaka leo inakataza biashara ya lulu za kufugwa ndani ya mipaka yake, na maabara yake ya lulu ni kati ya zinazoheshimiwa sana duniani. Nyumba na mbuga za chaza za Bahrain ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2012.

Je, lulu ya kufugwa ni ya kweli? Kwa maoni yangu ni ya kweli, mradi iitwe kwa jina lake. Sheria za biashara za Marekani ndivyo zinavyotaka: anayeuza lulu ya kufugwa lazima aseme ni ya kufugwa, na anayeuza bandia lazima aseme ni bandia. Neno lulu likisimama peke yake ni la ile asili. Sisi hatuna mazoea hayo madukani, na ndiyo sababu mteja hana budi kuuliza mwenyewe.

Jambo lingine limebadilika bila wengi kulijua. Zamani mtu akiona mkufu wa lulu unauzwa bei ya chakula cha mchana alisema, bila kupima, ni bandia. Siku hizi anaweza kukosea. China, hasa eneo la Zhuji katika jimbo la Zhejiang, huzalisha sehemu kubwa sana ya lulu za maji baridi duniani. Kombe mmoja wa bwawani hutiwa vipande vingi vya utando, kila upande wake, na huweza kutoa lulu makumi kwa mara moja. Nyingi hazina kiini cha ushanga, kwa hiyo ni lulu tupu kutoka nje mpaka ndani, na kwa jino zinaparuza sawa na lulu ghali za Kijapani zenye ganda jembamba. Ni za kweli na ni rahisi. Zinapofika Mji Mkongwe wa Zanzibar na kuitwa lulu za Bahari ya Hindi, jino lako litasema kweli na kibandiko cha dukani kitakuwa kimesema uongo.

Na Zanzibar ina lulu zake. Kusini mwa Unguja, rasi ya Fumba na vijiji vyake kama Bweleo, vikundi vya wanawake vilianza kufuga chaza katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, wakisaidiwa na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, ambako Dkt. Narriman Jiddawi alikuwa kati ya watafiti waliolishikilia jambo hilo. Wanatumia chaza wa kienyeji wa aina mbili, mmoja mwenye ukingo mweusi na mwingine mwenye kombe lililochongoka kama bawa. Chaza anafunguliwa kidogo, kipande cha plastiki cha nusu duara kinagundishwa ndani ya kombe, na chaza anarudishwa kwenye kamba zinazoelea baharini. Baada ya miezi tisa hadi mwaka, kama pweza na mawimbi wamemwachia, plastiki imefunikwa tabaka lenye rangi ya fedha, kijani au zambarau. Inakatwa, plastiki inatolewa, uwazi unajazwa gundi ngumu, na kipande cha kombe kinabandikwa nyuma. Makombe yenyewe hayatupwi. Yanachongwa na kusuguliwa mpaka yawe hereni na vidani, na kwa mwenye mfuko mwembamba hivyo ndivyo vya kununua bila wasiwasi wowote.

Itie lulu hiyo nusu kwenye jino, litakwambia ni ya chaza. Ipige eksirei, itakuonyesha gundi katikati. Anayetaka kuiita bandia kwa sababu ya gundi atalazimika kuiita bandia pia ile aliyoitoa Mikimoto mwaka 1893, kwa sababu ni kazi ya namna moja. Mimi naiita lulu nusu ya kufugwa, jina refu kidogo, na ningependa nilione limeandikwa kwenye risiti.

Ukienda kuinunua, igeuze kwanza utazame nyuma na pembeni. Mshono wa kombe na gundi unapaswa kuonekana, na hauna haja ya kufichwa. Angalia kama mng'ao ni mzito au kama unaona kivuli cha kilicho chini yake, maana kivuli ni dalili kwamba ilivunwa mapema mno. Kisha muulize anayekuuzia ilikaa baharini miezi mingapi. Mwenye kuifuga atakujibu papo hapo, na pengine atakutajia na dhoruba iliyokata kamba msimu uliopita. Aliyeibeba kutoka duka la jumla atakuambia, "Hii orijino, dada yangu."